Kupanda asta ya New England, chakula cha mwisho cha nyuki kabla ya baridi

Septemba ikifika katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, bustani nyingi huwa zimeshachoka. Nyanya zimeanza kukauka kuanzia chini, alizeti zimeinamisha vichwa, na watu wanamiminika madukani kununua vyungu vya krisanthemu vya kupamba baraza. Nyuki bado wapo, tena wana njaa. Simama kando ya krisanthemu zile zilizojazana petali hadi katikati, utazame nyuki wangapi wanatua. Wengi watapita tu. Ua la namna hiyo limezalishwa kwa ajili ya macho ya watu, na chavua na mbochi yake, yaani maji matamu ya ua, ama ni haba ama imefunikwa, mdudu haifikii.

Asta ya New England ni habari nyingine. Ni ua la porini la Amerika Kaskazini, la zambarau na kitovu cha njano, linalojiotea kwenye mabonde yenye unyevu, kando ya mitaro ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa, kuanzia Quebec na Ontario hadi milima ya Georgia, na upande wa magharibi hadi Nebraska na majimbo ya Dakota. Huanza kuchanua mwishoni mwa Agosti, na sakitu ya kwanza, yaani umande unaoganda usiku wa baridi, mara nyingi huikuta bado ina maua. Mwongozo huu ni wa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi huko, mwenye kiwanja nyuma ya nyumba na hata mwenye roshani tu ya ghorofani. Kazi yenyewe si nzito. Kinachowashinda wengi ni kalenda, kwa kuwa mbegu hupandwa wakati wa baridi, mmea hukatwa Juni ukiwa ndio kwanza umenawiri, na vuli, wakati kila jirani anafagia na kufyeka, wewe unaacha kila kitu kilivyo.

Jua kwanza unamlisha nani

Hatua nyingi hapa chini zitaonekana za ajabu kama hujui zinamfaa nani.

Wa kwanza ni nyuki wale wanene wenye manyoya, wa jenasi ya Bombus. Hawaweki akiba ya asali ya kuvukia baridi kama nyuki wa mzinga. Vuli ikiingia, malkia mzee, wafanyakazi na madume wote hufa. Wanaobaki ni malkia wachanga waliokwisha kupandana na madume, na kila mmoja hujichimbia ardhini akalala peke yake hadi majira ya kuchipua. Mafuta ya mwilini ya kumvusha miezi yote hiyo anayapata kwenye maua ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ukimwona nyuki mkubwa kuliko wenzake akitambaa taratibu juu ya asta mwanzoni mwa Oktoba, huyo huenda ndiye mwanzilishi wa kundi la mwakani. Asipopata chakula sasa, mwakani hakuna kundi.

Wa pili ni nyuki wapweke wa ardhini ambao wengi wetu hatuwajui kabisa. Andrena asteris, kwa mfano, hukusanya chavua ya maua ya asta tu kwa ajili ya watoto wake. Anatoka ardhini asta zikikaribia kuchanua, anafanya kazi kwa wiki chache, basi. Kwake hakuna ua mbadala.

Kisha kuna vipepeo. Monaki, Danaus plexippus, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeusi (binamu yake Danaus chrysippus tunamwona kila siku Afrika Mashariki), vuli husafiri kutoka kusini mwa Kanada na mashariki ya Marekani hadi misitu ya milimani ya Michoacán na Jimbo la México, safari ya maelfu ya kilomita. Njiani anahitaji mbochi. Lakini tusichanganye mambo: viwavi wa monaki hawali asta, wanakula mimea ya jenasi ya Asclepias peke yake. Kwake asta ni kituo cha mafuta njiani. Kipepeo anayelea watoto kwenye asta ni mdogo zaidi, Phyciodes tharos, wa chungwa na mitandio ya kahawia, upana wake hauzidi sana sentimita tatu. Jike hutaga mayai kwa mafungu chini ya majani, na viwavi hula majani hayo, kisha hulala chini ya mmea msimu wote wa baridi wakiwa bado viwavi. Kumbuka hilo utakapotamani kufagia.

Nyuki wa asali nao hawakosi. Hawa si wenyeji, waliletwa kutoka Ulaya na walowezi wa karne ya 17, lakini wafugaji wanawategemeza kwa asta na maua ya njano ya Solidago kupata asali ya vuli. Asali ya asta huganda upesi, na mizinga yenye mbochi ya Solidago inayoiva hunuka kama soksi za mchezaji wa mpira. Ukipita karibu na mzinga Septemba ukanusa hivyo, hakuna kilichooza.

Hatua ya 1: mahali

Jua kamili, saa sita kwa siku au zaidi. Kwenye nusu kivuli huishi, ila shina hurefuka likitafuta mwanga na baadaye hulala chini. Udongo uwe na unyevu. Udongo mzito wa mfinyanzi, unaowakera watu wengi wa Ohio na Indiana, hauisumbui asta hii. Udongo wa kichanga unaokauka upesi ndio mbaya kwake, kwa kuwa majani ya chini hugeuka kahawia na kupukutika mwezi Agosti kabla ua moja halijafunguka. Ukiwa na bonde dogo ambako maji ya bomba la paa yanaishia, hapo ndipo.

Pima nafasi kwa ukubwa wa mmea uliokomaa: kimo cha sentimita 90 hadi 180, upana wa sentimita 60 na zaidi. Usiupande mbele kabisa ya kitanda cha maua. Upande nyuma, mbele yake weka mimea mifupi inayofunika miguu yake, maana hata ukiumwagilia vizuri, miguu ya asta hii haipendezi.

Kama mahali ulipo pana nyasi, usihangaike na jembe. Mwezi Agosti au Septemba tandika maboksi ya kadibodi yasiyo na utepe wa plastiki, yapishane kingo, yalowanishe, kisha weka juu sentimita 10 za mboji au vipande vya mbao. Hadi majira ya kuchipua nyasi zitakuwa zimekufa na unaweza kuchimba shimo la mche kupitia hapo hapo. Usiweke samadi wala mbolea ya dukani. Asta iliyoshiba naitrojeni huwa ndefu, laini, na huanguka kwa mvua ya kwanza.

Kama kiwanja chako kina kivuli au ni kikavu, ni bora ubadili mmea kuliko kupigana na mahali. Chini ya miti panda Symphyotrichum cordifolium, yenye vimaua vidogo vya samawati, au Eurybia divaricata yenye maua meupe. Penye ukavu na mawe kuna Symphyotrichum oblongifolium, ambayo majani yake yananukia ukiyafikicha. Walioko pwani ya Pasifiki, kama Seattle au Portland ya Oregon, wana asta yao ya huko, Symphyotrichum subspicatum. Kanuni ni ile ile: tafuta ya kwenu.

Hatua ya 2: mbegu au mche, na jina lililo kwenye kibao

Jina la biashara ni mtego. Neno aster kwenye pakiti linaweza kumaanisha Callistephus chinensis, ua la Uchina la msimu mmoja, zuri kwa kukata na kuweka mezani lakini silo tunalotafuta. Soma jina la kisayansi: Symphyotrichum novae-angliae. Linnaeus aliliita Aster novae-angliae mwaka 1753, na katika miaka ya 1990 wanabotania waliziondoa asta nyingi za Amerika kutoka jenasi ya Aster, kwa hiyo vibao vingine bado vina jina la zamani. Yote mawili ni mmea mmoja. Pakiti zilizoandikwa tu kuwa ni mchanganyiko wa maua ya porini ziache dukani. Nyingi zina maua ya Ulaya kama Centaurea cyanus, yanayochanua haraka ili mnunuzi afurahi mwaka wa kwanza.

Mche ni njia ya mkato, na unaweza kuchanua mwaka ule ule. Majira ya kuchipua, ofisi nyingi za wilaya za hifadhi ya udongo na maji huuza miche ya asili kwa bei nafuu kuliko maduka makubwa. Popote utakaponunua, uliza swali moja: je, mche huu umewekewa dawa za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya mmea wote, hadi kwenye chavua na mbochi. Muuzaji akibabaika, ondoka. Hakuna maana ya kumwandalia mgeni chakula chenye sumu.

Zipo pia aina za kibustani zilizochaguliwa kwa rangi au ufupi. 'Purple Dome' inaishia karibu sentimita 50, inafaa chungu na roshani, na maua yake bado yana kitovu wazi. Sina ugomvi nayo. Ila kama una nafasi, panda ya porini iliyotokana na mbegu, kwa sababu miche ya mbegu hutofautiana, mmoja unawahi, mwingine unachelewa, na wewe unapata wiki nyingi zaidi za maua. Tena asta hii haijichavushi yenyewe vizuri. Mmea mmoja peke yake, au vipande kumi vya mmea mmoja, vitachanua lakini mbegu zake nyingi zitakuwa makapi. Mitatu ya mbegu tofauti ndio mwanzo mzuri, na nyuki nao huona fungu kwa urahisi kuliko shina moja moja.

Mbegu ndiyo njia rahisi ya mfukoni. Maktaba nyingi za umma zina droo ya mbegu za bure, na za asta hupatikana humo. Unaweza pia kuokota mwenyewe mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kwa ruhusa ya mwenye eneo (kwenye hifadhi na mbuga za umma ni marufuku). Kichwa kilichokomaa huwa kimefura manyoya ya rangi ya kahawia hafifu. Kibane kwa vidole viwili uvute. Kikitoka chote bila kung'ang'ania, kimeiva. Fikicha kiganjani, tazama kwa karibu: mbegu nzima ni nyembamba, nyeusi-nyeusi, imejaa kidogo ukiigusa kwa ukucha. Iliyo bapa na nyeupe haina kitu ndani. Usichimbe mmea wa porini hata ukiukuta unaota kando ya barabara.

Hatua ya 3: kupitisha mbegu kwenye baridi

Hapa ndipo watu wengi tuliokulia nchi za joto tunapokwama. Tumezoea mbegu inayofukiwa mvua ikinyesha, ikaota baada ya siku chache. Mbegu ya asta imeumbwa idondoke vuli na ingoje. Ikiota Novemba, theluji itaiua, kwa hiyo ina kufuli ndani yake linalofunguliwa na baridi yenye unyevu kwa siku 30 hadi 60. Ukizitoa kwenye pakiti Mei na kuzipanda moja kwa moja, zitaota chache tu.

Njia ninayowashauri watu kuanza nayo ni galoni ya maziwa. Chukua ile ya plastiki inayopitisha mwanga, uioshe. Toboa matundu chini, kama kumi, kwa msumari uliopashwa moto. Ikate kuizunguka chini kidogo ya mshikio, ila ubakize sentimita chache upande wa mshikio zisikatwe, ziwe bawaba. Jaza udongo wa kupandia kina cha sentimita 8 hadi 10, mwagilia hadi maji yachuruzike chini. Nyunyiza mbegu 30 au 40 juu ya udongo na uzikandamize kwa kiganja. Usizifukie. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote, na nusu sentimita ya udongo inatosha kuzizika kabisa. Funika, zungushia utepe wa gundi, tupa kizibo ili mvua na theluji viingie, andika jina kwa kalamu isiyofutika, kisha weka nje penye mwanga, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Januari.

Baada ya hapo huna kazi. Galoni itaganda, itayeyuka, itafunikwa na theluji, na mwenye nyumba atakuuliza kwa nini hutupi takataka. Mwambie ni kitalu. Aprili utaona majani mawili madogo ya kijani yaliyoshikana na udongo. Siku za jua kali fungua kifuniko, maana ndani hupata joto upesi kuliko unavyodhani, na angalia maji. Usiku ukitabiriwa sakitu kali, funika tena.

Mwenye haraka, au aliyekumbuka Machi, atumie friji. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevunyevu (ukiukamua usidondoshe maji) ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, andika tarehe, weka kwenye rafu ya mboga kwa siku 60. Iwe sehemu ya kawaida ya friji, si ya kugandishia. Kisha mwaga mchanganyiko wote juu ya udongo wa kitalu, mahali penye joto la kawaida la nyumbani na mwanga mwingi. Zitaanza kuota baada ya wiki moja hadi tatu.

Ipo na njia ya kumwaga mbegu moja kwa moja bustanini Novemba, kama zinavyojimwaga zenyewe. Hufaa tu penye udongo wazi usio na nyasi, na uwe unajua kutofautisha mche na gugu. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 2,000, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu usije ukamwaga zote mahali pamoja.

Hatua ya 4: kuhamisha miche

Miche ikiwa na majani manne hadi sita, itenganishe kila mmoja kwenye kopo lake. Ihamishie bustanini sakitu ikiisha. Sehemu kubwa ya Ohio hiyo ni katikati ya Mei, Maine ni mwishoni mwa mwezi. Umbali kati ya mche na mche uwe sentimita 45 hadi 60. Usibane. Hewa ikipita katikati, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa majani, unapungua.

Msimu wa kwanza mwagilia kwa kina mara moja kwa wiki kama mvua haikunyesha, kiasi cha sentimita mbili na nusu za maji, ukielekeza shinani si juu ya majani. Tandaza majani makavu kuhifadhi unyevu, ila acha kipande cha udongo mtupu mahali karibu penye jua, hata mita moja mraba, kwa sababu nyuki wa ardhini hawawezi kuchimba kupitia matandazo mazito.

Adui wa kwanza wa mche ni sungura. Hula kila kitu hadi chini usiku mmoja. Zungushia waya wa banda la kuku hadi mmea ufike magotini.

Kuutambua mche wako usiung'oe kama gugu: majani ya asta hii hayana kikonyo. Kitako cha jani kina masikio mawili yanayolikumbatia shina, na shina lenyewe lina vinywele vigumu unavyovihisi ukipitisha kidole. Fikicha jani, utasikia harufu hafifu ya tapentaini.

Hatua ya 5: kata Juni

Mmea ukifika sentimita 40 hivi, mwishoni mwa Mei au Juni, chukua mkasi na uupunguze theluthi moja hadi nusu. Najua inauma. Shina limenyooka, majani yamejaa, na wewe unalikata. Lakini chini ya kila mkato yatatoka matawi mawili au matatu, mmea utakuwa mfupi na mpana, utasimama bila kufungwa kwenye mti, na vichwa vya maua vitaongezeka. Wale wanaoacha asta zao zikue hadi mita moja na nusu ndio wanaozikuta zimelala chini baada ya dhoruba ya Septemba.

Mwisho wa kukata ni tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, siku rahisi kuikumbuka. Baada ya hapo mmea unaanza kuandaa maua na ukikata unakata chakula. Ukiwa na mashina mengi, kata yaliyo mbele na uache ya nyuma. Yasiyokatwa yatachanua kwanza, yaliyokatwa yatafuata, na msimu unarefuka.

Mwaka wa kwanza mche wa mbegu mara nyingi hujenga mizizi tu. Usiukate mche dhaifu, uache mpaka mwaka wa pili.

Magonjwa, na jirani

Ubwiri unga utauona Agosti, vumbi jeupe juu ya majani ya chini. Unachafua sura tu, hauui. Wadudu wadogo wa kunyonya huweza kufanya majani yawe na vidoa vyeupe wakati wa ukame, nao waache. Usipulize dawa yoyote, hata ile inayoitwa ya asili. Kama umeajiri kampuni ya kupuliza dawa ya mbu uani, maua haya hayana maana, chagua kimoja.

Majani yaliyotobolewa ni habari njema. Geuza jani ukatafute viwavi weusi-kahawia wenye vimiiba.

Jirani ni suala gumu zaidi kuliko ubwiri. Miji mingi ya Marekani ina sheria ya kimo cha nyasi na magugu, na kwa mkaguzi, asta ya Julai isiyo na maua ni gugu. Weka mpaka unaoonekana wa mawe au matofali, fyeka vizuri ukanda wa nyasi mbele yake, simamisha kibao kidogo kinachosema hii ni bustani ya wachavushaji. Kwa uzoefu wangu kibao kinafanya kazi kuliko maelezo. Ukiwa umepanga, omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kupanda.

Na mtu akikwambia maua yako na yale ya njano ya Solidago yanampa mafua na chafya, mweleze kwa upole. Chavua ya maua haya ni nzito na ya kunata, inabebwa na wadudu. Inayorushwa na upepo hadi puani kwake ni ya Ambrosia, gugu lenye vimaua vya kijani lisilotazamwa na mtu, linalochanua wakati huo huo. Mimi ningepanda Solidago kando ya asta bila wasiwasi. Njano na zambarau pamoja huvuta nyuki, na mwanao akiuliza kwa nini vitovu vingine vya asta ni vya njano na vingine vyekundu-kahawia, mwambie vya njano ndivyo vichanga na ndivyo nyuki wanavyovifuata.

Kwenye chungu

Wa ghorofani: chungu cha lita 20 au zaidi chenye matundu, mmea mmoja, aina fupi, na jua la kutosha. Kiangazi utamwagilia karibu kila siku. Hatari kubwa ni baridi, kwa sababu udongo wa chungu huganda wote huku wa ardhini ukiganda juu tu. Kisogeze ukutani, kizungushie magunia, na usikiingize ndani penye joto. Mmea unahitaji kulala.

Kwa ndugu walioko Afrika Mashariki

Wakiona picha huomba watumiwe mbegu. Msitume. Kusafirisha mbegu kuvuka mipaka bila cheti cha afya ya mimea ni kosa, na hata zikifika salama, hazina baridi ya kuzifungua. Isitoshe, tumeshaona mambo ya maua ya kigeni: alizeti pori, Tithonia diversifolia, iliyojaa kando ya barabara za Kenya na Tanzania, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Familia hii ya asta ina wenyeji wake huko nyumbani. Mmoja ni mtugutu, Gymnanthemum amygdalinum, ule wenye majani machungu ambao sokwe wa milima ya Mahale, Tanzania, wameonekana wakitafuna kiini cha shina lake wanapougua minyoo. Huota kwa pingili iliyochomekwa ardhini mwanzo wa mvua, hauhitaji friji ya mtu, na ukichanua nyuki huujaa.

Hatua ya 6: vuli na baridi, usiguse

Maua yakiisha, acha mashina yasimame. Ndege wadogo watakula mbegu, viwavi wa Phyciodes wamelala chini penye majani makavu, na malkia wa Bombus yumo ardhini mahali fulani karibu. Kama hutaki asta zisambae uani kote, kata vichwa vya maua peke yake kabla ya manyoya kuruka, mashina uyaache. Majani yaliyoanguka yasukume chini ya mimea badala ya kuyajaza kwenye mifuko.

Kila baada ya miaka mitatu au minne, Aprili chipukizi zikiwa na sentimita 5 hadi 10, chimbua fungu lote. Katikati utakuta pamekuwa pagumu kama kuni. Tupa hapo, chukua vipande vya pembeni vyenye chipukizi tatu hadi tano, panda upya, vinavyobaki gawa. Mgawie hasa yule jirani mwenye chafya.

Mashina ya mwaka jana yakate wakati huo huo, siku zikishakuwa na joto la kudumu, na usiyakate hadi chini: acha visiki vya sentimita 20 hadi 60, vingine vifupi vingine virefu. Kuna nyuki wadogo weusi wa jenasi ya Ceratina wanaochimba kiini laini cha shina lililokatwa na kutaga ndani yake kiangazi, na chipukizi mpya zitavifunika visiki hivyo baadaye. Yale uliyoyakata yafunge matita, uyalaze nyuma ya ua au chini ya kichaka. Yasiende kwenye mfuko wa taka za bustani, maana baadhi yake tayari yana wapangaji ambao hawajatoka.